Moshi wa Mti Wenye Mwenyewe

Wako watu wanaoukumbuka utoto wao kwa sura, na wako wanaoukumbuka kwa sauti. Abei aliukumbuka wake kwa harufu. Kabla hajajua jina la mtu yeyote, alijua moshi mmoja mwembamba, wenye utamu kidogo na uchungu kidogo, uliokuwa ukipanda polepole kutoka mikononi mwa mama yake mdogo, Akaale. Huyo Akaale ndiye aliyemlea, maana mama mzazi alifariki Abei akiwa bado ananyonya. Kila asubuhi Akaale alichukua kijiti chenye kaa la moto, akakiingiza katika akurum, yaani chombo cha mti cha kuwekea maziwa, akakizungusha ndani mpaka kuta zote zikapata moshi, kisha akafunika kifuniko cha ngozi na kukiacha chombo kilale. Mtoto naye alilala pembeni yake juu ya ngozi ya mbuzi. Moshi ulipopenya katika mshono wa kifuniko ulimwingia usingizini, na huko usingizini ukageuka kuwa mto, ukawa kivuli, ukawa mkono wa mtu asiyemwona.

Baadaye masista wa misheni walimfundisha kusoma, na kusoma kukampeleka mbali, hata Eldoret, katika chuo kikuu. Lakini alirudi Lodwar. Alipata kazi katika maabara ndogo ya mifugo, akavaa koti jeupe, na miaka ikapita juu yake taratibu, kama ipitavyo juu ya watu wa nchi zenye jua jingi, bila kelele. Wenzake walimtania kwamba husogeza pua kwanza na hadubini baadaye. Naye hakuona haya, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Ni pua hiyo iliyomtia katika utafiti. Aliona kwamba maziwa yaliyowekwa katika vyombo vya Akaale yalichelewa kuchachuka kuliko ya jirani zake, ingawa mbuzi walikuwa wale wale na jua lilikuwa lile lile. Akajiuliza kuna nini katika ule moshi. Akaanza kuchukua maziwa kutoka boma hili na lile, akayapeleka maabara, akaotesha bakteria katika visahani, akalinganisha. Aliyemwongoza alikuwa Dokta Nathan, mwalimu wake wa zamani wa chuo, mtu wa maneno mengi ya mzaha na wino mwekundu mwingi zaidi. Kazi ilipokamilika wakakubaliana kuiandika makala na kuipeleka katika jarida la sayansi, nalo jarida lilikuwa linatayarisha toleo maalumu juu ya vyakula vya wafugaji. Mlango wa toleo hilo ungefungwa mwisho wa mwezi.

Mtu asiyewahi kuandika mswada wa namna hiyo hudhani ni kazi ya kuketi na kueleza ulichokiona. Sivyo. Abei aliandika utangulizi, akaufuta. Aliandika mbinu, akazipanga upya. Ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, aliipunguza mpaka ikabaki mifupa, na bado Nathan akampigia simu.

"Binti yangu, hii ikisiri yako ni ndefu kama barabara ya kwenda Lokichoggio."

"Nimekwisha kuikata, Daktari."

"Basi ikate tena. Anayesoma ikisiri amesimama mlangoni, hajaketi. Na majedwali yako yanasema yale yale yaliyomo katika picha. Chagua mmoja wa kusema."

Alifanya hayo yote kwa subira, mchana ofisi zikiwa zimefungwa na mji umelala kwa joto, feni ikizunguka juu ya kichwa chake kama mtu anayefikiri. Hakuwa na haraka ya cheo. Alikuwa na haraka nyingine, ambayo hakumwambia mtu: masikio ya Akaale yalikuwa yameanza kuzimika. Neno ambalo mwaka uliopita lilisikika kutoka mlangoni, sasa lilitaka kusemwa karibu na shavu. Abei alitaka makala ile itoke, amsomee mama yake mdogo kwa Kiturkana mambo yaliyotoka mikononi mwake, wakati bado angeweza kuyasikia.

Basi zilipobaki wiki mbili hivi, alisoma masharti ya jarida kwa mara ya mwisho, na akasimama mahali ambapo siku zote alipita haraka. Jarida lilitaka kila mmea utakaotajwa uwe na tawi lake lenye majani, lililokaushwa na kuwekwa katika hifadhi ya mimea, ili mtu yeyote wa baadaye aweze kwenda kulitazama. Tena lilitaka waandishi waseme tawi hilo lilichukuliwa kwa ruhusa ya nani.

Katika mswada wake Abei alikuwa ameandika kwamba Akaale hufukiza vyombo kwa mti wa mswaki. Ndivyo Akaale alivyomjibu mwaka ule wa kwanza wa utafiti. Vijiti vyenyewe Abei alivipata siku zote vikiwa vimechomwa nusu, havina ganda wala jani, naye hakuwa na sababu ya kumhoji mtu aliyemlea. Akapanda bodaboda kwenda Kanamkemer, nyumbani kwa mama yake mdogo, kuomba tawi.

Akaale alitoka kimya, akarudi na tawi la mswaki, bichi, lenye majani mazito. Abei alilipokea kwa mikono miwili. Lakini alitaka pia picha moja nzuri ya kuweka katika makala.

"Mama mdogo, fukiza chombo kimoja, nikupige picha."

Akaale alisita. Kisha akavunja kijiti kutoka tawi lile lile, akakiweka motoni, akakiingiza katika chombo. Moshi ukatoka. Abei alishika simu mbele ya uso wake, akangoja, kama mtu anayengoja kuitwa kwa jina lake. Hakuna kitu kilichomwita. Ulikuwa moshi mwema, msafi, mkali kidogo kooni, lakini haukumjua. Akashusha simu.

"Mama mdogo, huu sio."

"Sio nini?"

"Sio moshi wangu."

Akaale akacheka kwa sauti ya juu, kama wachekavyo watu wasiosikia vizuri. "Lo! Mtoto huyu! Tangu lini moshi ukawa na mwenyewe?" Halafu kicheko kikamkauka. Akautazama mlango, akaitazama mikono yake, akasema polepole, "Mti ndio wenye mwenyewe."

Abei akaketi chini karibu naye.

Katika nchi ya Waturkana, miti ya kandokando ya mto si ya kila apitaye. Kipande cha mto chenye miti yake huitwa ekwar, na kila ekwar ina familia yake, tangu kwa babu hata kwa mjukuu. Mpita njia hupumzika kivulini bila kuulizwa neno. Lakini avunjaye tawi bila kuomba amegusa zizi la mtu. Mswaki wa jangwani hauna shida hiyo, huvunjwa na yeyote. Ila mti wa Akaale, ule wa moshi mtamu, ulikuwa edome, na ulisimama katika ekwar ya mzee aitwaye Lomorukai, kando ya mto Turkwel, juu kidogo ya mji.

"Lomorukai alihamia Kakuma ukame ulipommalizia mbuzi," alisema Akaale. "Nilikwenda kumwomba, nikakuta boma tupu. Basi nikauomba mti."

"Ukauomba mti?"

"Nikauomba. Haukukataa."

Abei alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Mbona basi uliniambia ni mswaki?"

"Ulikuja na karatasi yako, ukaniuliza mbele ya mke wa chifu. Alikuwa ameketi pale, anakunywa chai yangu. Ulitaka niseme nini? Nizeeke vizuri hivi, halafu niitwe mwizi wa miti?" Akavuta shuka begani. "Mbuzi wa fidia nitampa, hata leo. Jina hilo ndilo nisilolitaka."

Jioni ile, jua likiwa limelala juu ya mikoma ya mto, Abei alimpigia Nathan simu akamweleza. Nathan aliguna.

"Andika tu 'mti wa kienyeji'."

"Wanataka jina lake, Daktari. Na tawi."

"Basi uache mswaki kama ulivyo. Nani atakuja Lodwar kunusa?"

"Mimi."

Kisha Nathan akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa. "Haya. Nimesema neno la kipumbavu, lisahau. Ukweli ni kwamba moyo wote wa makala hii ni ule moshi. Tukikosea mti, hatuna makala. Nenda ukamwone huyo mzee. Lakini akikataa, Abei, hatutakuwa na cha kupeleka, na mwisho wa mwezi hauna huruma."

Abei alijua pia jambo ambalo Nathan hakulitaja: mzee akikasirika, makala ingekufa, na jina la Akaale lingetembea mtoni kote kabla ya jua kuchwa.

Asubuhi ya safari Akaale alimkabidhi akurum iliyojaa maziwa, imefungwa kwa kitenge.

"Mpe. Usiseme lolote kabla hajanywa."

"Umeifukiza kwa mti gani?"

Lakini sikio la Akaale, ambalo siku nyingine lilisikia neno la karibu, siku hiyo halikusikia.

Njia ya kwenda Kakuma ilikuwa nyeupe na tambarare, na mbali kabisa hewa ilitetemeka, milima ikiwa imening'inia juu ya ardhi kama nguo zilizoanikwa. Abei alikipakata chombo magotini mwake. Alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Kila aliposinzia alikuwa mdogo juu ya ngozi ya mbuzi, na kila alipoamka alikuwa mwanamke mzima mwenye ombi zito, na hakuweza kusema ni wapi kati ya hayo mawili alipokuwa kweli.

Kakuma aliambiwa amtafute Lomorukai katika kibanda cha Hamdiya, mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia na chai karibu na kambi ya wakimbizi. Alimkuta Hamdiya anapanga madumu yake.

"Unamtaka mzee wa pua?" alisema Hamdiya. "Yule pale kwenye mkeka. Kila siku ananusa maziwa yangu kama askari wa mpakani."

"Ninawalinda wateja wako," akajibu mzee bila kuinua kichwa. "Wewe ukiachwa peke yako utawauzia mto Tarach."

"Wallahi, mzee, Tarach yenyewe haina maji, ningeyatoa wapi?"

Wote wawili wakacheka, na ilionekana kwamba walicheka hivyo kila siku. Lomorukai alikuwa mtu mrefu, aliyekauka vizuri kama kuni njema, na fimbo yake imelala kando yake. Abei alimsalimu kwa heshima, akajitaja kuwa mtoto wa Akaale wa Lodwar, akaweka chombo mbele yake. Akanyamaza kama alivyoagizwa.

Mzee alifungua kitenge. Akainua kifuniko. Alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa ili anywe, lakini hakunywa. Aliganda hapo, uso wake juu ya mdomo wa chombo, akafumba macho. Sauti za soko ziliendelea: pikipiki, mtu anayeita kwa Kiarabu cha Juba, wanawake wa Kikongo wakibishana juu ya samaki wakavu. Abei naye alikuwa amesikia harufu ile kifuniko kilipoinuka, akaijua, kwa maana ulikuwa moshi wake, ule wenyewe. Mama yake mdogo alikuwa amemtuma na wizi wake ukiwa umefungwa kwa kitenge kizuri.

"Kumbe bado umesimama," alisema mzee.

"Nani, Mzee?"

"Mti wangu. Ule ulioinamia mto." Akanywa, polepole, akafuta midomo. "Sasa sema lililokuleta."

Abei alisema yote. Alieleza utafiti, mswada, tawi linalotakiwa, na kwamba mama yake mdogo alikuwa akivunja matawi ya ekwar yake bila ruhusa. Aliomba msamaha kwa niaba yake. Alisema angelipa fidia itakayotajwa. Alipomaliza, mzee alikuwa anatabasamu kwa namna ya mtu anayesikiliza hadithi anayoijua.

"Tulipomzika ndugu yangu nilipita Lodwar," alisema. "Mama yako alinipa maziwa. Nilijua kabla sijameza."

Abei akashika shavu. "Ulijua? Na hukusema?"

"Mgeni amwambie mwenyeji nini? Kwamba maziwa yako yananuka mti wangu?" Akatikisa kichwa. "Halafu nisikilize. Mimi niliondoka kule sina mbuzi hata mmoja. Nilidhani nimeacha miti tu, na mto uliokauka. Nikanywa katika nyumba ile, nikamwona baba yangu ameketi chini ya mti ule anachonga kiti. Ningemkataza Akaale, ningemwona wapi tena? Kila niendako nanusa maziwa. Huyu hapa hufukiza ya kwake pia, kwa mti wa kwao. Ni mazuri. Lakini hayana mtu ndani."

"Asante sana," alisema Hamdiya, lakini hakumtania zaidi.

Abei alitoa mswada kutoka mkobani na kuuliza kama mzee angekubali tawi likatwe, ili aandike kwamba ameruhusu. Lomorukai alizitazama karatasi bila kuzigusa.

"Tawi la ekwar halikatwi kwa maneno ya Kakuma. Mwenyewe hulikata, akiwa amesimama pale." Akaishika fimbo yake. "Na mimi nimeogopa kusimama pale. Naogopa nitakuta mto umeuchukua mti."

"Umesimama, Mzee. Umenusa mwenyewe."

"Nenda, mzee," alisema Hamdiya akifunga dumu. "Acha maziwa yangu yapumue kidogo."

Walirudi Lodwar pamoja, na asubuhi ya siku ya pili wakashuka mtoni. Mto Turkwel ulikuwa mwembamba na wa rangi ya chai, ukipita katikati ya mchanga mpana kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Edome ilikuwa pale, imeinama, imezaa matunda madogo mekundu, na ndege walikuwa wanayala kwa makelele. Akaale alikuwa ametangulia. Alivaa shanga zake zote, lakini hakuwa ameingia kivulini. Alisimama juani, hatua chache nje ya ukingo wa kivuli, kama anayengoja mlango ufunguliwe.

Lomorukai alimwona, akapaza sauti kumsalimu ili amsikie.

"Mwizi wangu! Ejok?"

"Ejok-nooi," akajibu Akaale, kidevu juu. "Lakini mwizi gani huyo, anayembebea mwenye mali mali yake mpaka mdomoni?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha hakucheka tena. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya shina na kukiacha hapo, na hakuna aliyemharakisha. Abei alisimama na makaratasi yake ya kukaushia, akitazama vidole vya mzee vikitambua kovu moja baada ya jingine, zile sehemu Akaale alizovunja. Alikuwa amevunja kwa adabu, tawi moja mwaka huu upande huu, jingine upande mwingine, na pote mti ulikuwa umechipua.

Lomorukai alitoa kisu, akakata tawi lenye majani na matunda. Abei akanyoosha mikono. Lakini mzee alimpita, akatoka kivulini mpaka juani, akampa Akaale.

"Chukua. Nimekupa mbele ya mtoto wako. Tangu leo unavunja kwa ruhusa yangu, na nikipita Lodwar nitakuja kunusa. Sasa mpe wewe."

Akaale alilishika tawi kifuani kama alivyomshika zamani mtoto aliyeachwa na dada yake. Akaingia kivulini. Ndipo akampa Abei.

Tawi lilikaushwa kati ya magazeti, chini ya sanduku la chuma na vitabu vizito vya Abei. Lilipokuwa tayari alilisafirisha kwenye hifadhi ya mimea, likapata nambari yake, na nambari hiyo akaiandika katika mswada. Alifuta mswaki kila mahali ulipotajwa na kuandika edome, na jina lake la kisayansi. Katika mbinu alieleza pia kwamba jibu la kwanza halikuwa sahihi, na jinsi kosa lilivyogunduliwa. Palibaki mahali pa ruhusa. Alikaa mbele ya nafasi ile mchana mzima, kisha akaandika, akamsomea Nathan kwa simu: mti ni wa ekwar ya Lomorukai, wakati wa utafiti matawi yalichukuliwa bila kumwomba, mwenyewe alijua, hakukataza, na baadaye aliruhusu kwa mkono wake.

"Majarida hayana nafasi ya sentensi kama hii," alisema Nathan.

"Wataitafutia nafasi."

"Wahakiki watauliza."

"Nitawajibu."

Nathan akavuta pumzi. "Iache ilivyo," alisema. "Hata koma usiiguse."

Siku aliyoipeleka, Abei alikuwa Kanamkemer, kompyuta magotini, nje ya nyumba ya Akaale, mahali ambapo mtandao ulishika. Kabla ya kubonyeza, aliinama mpaka shavu la mama yake mdogo, akamsomea ile ikisiri iliyokatwa na kukatwa tena, kwa Kiturkana, neno kwa neno. Maziwa, chombo, moshi, mti, jina la mzee, jina la Akaale. Akaale alisikiliza amefumba macho. Palipokuwa na jina lake aliomba parudiwe, na Abei akarudia.

"Haya," alisema Akaale. "Wape."

Abei akabonyeza. Hakuna kilichotokea isipokuwa maandishi madogo ya kushukuru. Majibu yangekuja baada ya miezi, na huenda yangekuwa ya kukataa, na huenda yangetaka mambo mengine yaandikwe upya. Hayo alikuwa anayajua. Akafunga kompyuta. Akaale alikuwa tayari amechukua kijiti kutoka motoni, akakiingiza katika akurum, akakizungusha, na mwanamke mwenye koti jeupe akalaza kichwa chake juu ya ngozi ya mbuzi, pale pembeni, kwa muda mfupi tu, kama alivyojiambia.